Filamu si Magwangala

Kijana mmoja mwenye kibanda cha kuingiza filamu kwenye memori kadi pale Katoro aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. "Mzee, wenye maduka Kariakoo wameshakula. Mimi nikiokota kilichobaki, nimemwibia nani?"

Nimekaa nalo siku kadhaa. Neno lake hilo la kuokota ndilo lililonishika, maana mkoani Geita tunalijua vizuri. Mgodi mkubwa ukishapata mwamba wake, mawe yasiyoulipa hutupwa, na watu huyaponda wakapata chembe za kununulia unga. Hayo ndiyo magwangala. Mwenye dhahabu ameshachukua yake, na mwokotaji anachukua kile ambacho mwenyewe amekitupa.

Sasa, mwanangu, filamu unayomwingizia mteja wiki ileile iliyotoka, nani ameitupa?

Ulichosema kina ukweli ndani yake, nami sitakuficha. Kwa miaka mingi mtayarishaji aliuza filamu na haki zake zote kwa msambazaji, akapewa fedha za mara moja. Nakala ziuzwe chache au nyingi, mwigizaji hakuongezewa hata senti. Hapo walikuwapo walioshiba kabla yako. Lakini fuata njia ya hasara unayoileta. Msambazaji akiona mzigo wake umelala dukani kwa sababu mtaani filamu ileile inapatikana kwa shilingi mia chache, filamu inayofuata anainunua kwa bei ya chini. Mtayarishaji naye anapunguza siku za kupiga picha, anaazima nyumba ya rafiki, mpiga picha anakopwa, na mwandishi wa hadithi anaambiwa asubiri. Kisha sisi tunasema filamu za Kibongo hazina ubora. Tunalalamikia njaa tuliyoipika wenyewe.

Wengine husema nakala za mtaani ndizo zilizowapa wasanii jina. Sikatai. Nyarugusu, hapa hapa Geita, haina jumba la sinema. Watu waliwajua wasanii kwenye mabanda ya video. Lakini mtu akibeba viroba vya mawe kwenye duara lako la kuchimbia dhahabu usiku, kesho akakwambia amekutangazia duara, utamshukuru?

Mchukue mwigizaji Steven Kanumba. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Akaenda Dar es Salaam, akaigiza na Wanaijeria kwenye "Dar 2 Lagos", akafariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na umati uliomzika Kinondoni haukuwa na mfano. Huku kanda ya kwao tunamwita wetu kwa fahari. Filamu zake zimepita simu hadi simu, na wengi wetu hatujawahi kutoa chochote kwa ajili yake. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu nami ni mmoja wa hao.

Turudi kwenye dhahabu. Mchimbaji mdogo alinyonywa sana na madalali, hadi Machi 2019 soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita. Sasa anaweka mzigo kwenye mizani mbele ya macho yake, na bei anaijua. Msanii naye ana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na mwaka 2013 aliletewa stempu ya kodi ya TRA. Bado Aprili 2017 aliandamana Kariakoo akilalamikia filamu za nje zilizouzwa bila stempu. Tena stempu hiyo ilikuwa ya kubandikwa kwenye kasha la diski. Faili linalohama kutoka kompyuta yako kwenda kwenye simu ya mteja halina pa kubandikwa kitu. Mizani ya msanii, kwa Katoro, umeishika wewe.

Basi anza hivi. Filamu ambayo mwenyewe ameiweka YouTube, mfungulie mteja aitazame humohumo, umtoze bando na kiti. Inayouzwa, mwelekeze inakouzwa, hata kama atanuna. Mpya za wiki hii ulizonazo kwenye kompyuta, zifute leo kabla hujafunga kibanda.

Kipato kitapungua, najua, na kodi ya kibanda haisubiri. Mwisho wa mwezi njoo na daftari lako la hesabu, tukae tuangalie ni kiasi gani kilikuwa chako kweli.