Sauli Chini, Farasi Juu



Leo nataka tuangalie picha. Msanii Caravaggio aliichora kati ya mwaka 1600 na 1601, na mpaka leo imo katika kanisa la Santa Maria del Popolo, Roma. Inahusu wongofu wa Mtakatifu Paulo, ule tunaoukumbuka kila tarehe 25 Januari. Mara ya kwanza kuiona nilijiuliza: mbona farasi ndiye kajaza picha nzima? Sauli yuko chini, chali, macho kayafumba, mikono kainyoosha juu kama mtoto anayetaka kubebwa.

Ukifungua Matendo ya Mitume sura ya 9, farasi hayumo kabisa. Ni wachoraji waliompandisha Sauli, na walikuwa na sababu. Roma hiyohiyo kuna sanamu ya Kaisari Marcus Aurelius juu ya farasi. Aliyepanda farasi ni mwenye nguvu, anawatazama wengine kutoka juu. (Yesu aliingia Yerusalemu na punda, mnakumbuka.)

Kinachonichoma ni hiki: Sauli hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa mtu wa dini, tena wa moto kweli kweli. Aliamini kabisa kwamba anamtetea Mungu.

Farasi huyo hata mimi nimempanda. Dada mmoja wa kwaya yetu alipata mimba, na mimi ndiye niliyesimama kikaoni kusema asiimbe tena. Nikataja heshima ya altare. Watu wakapiga makofi. Dada akachukua mkoba wake akatoka, na sijamwona kanisani tangu siku ile. Jumapili iliyofuata nilikomunika kama kawaida.

Hebu itazame tena ile picha. Farasi ameinua mguu mmoja, kama vile hataki kumkanyaga aliyelala chini. Yaani mnyama kamzidi mpandaji wake kwa huruma! Halafu Sauli akaingia Damasko akishikwa mkono, siku tatu haoni, hali wala hanywi, mpaka akaja Anania, mmoja wa wale aliokuwa amewafuata awafunge, akamwita ndugu.

Nimeungama. Padre akaniuliza kama nimemtafuta yule dada. Namba yake ninayo. Ujumbe nimeuandika mara mbili nikaufuta, maana kila nikianza najikuta najitetea. Leo jioni baada ya rozari nitapiga simu. Mniombee.