Msimtafute Anayelia

Wanangu, nyinyi mnaotoka chuo cha Uhamiaji kwenda mipakani, na nyinyi mnaoanza kazi ya kukata tiketi na kuhudumia abiria kwenye mabasi ya masafa marefu, mmefundishwa dalili za mtu anayesafirishwa kiharamu. Ana woga, hakutazami machoni, ana michubuko, nguo zimemchakaa. Sizikatai dalili hizo. Ila nilikaa kwenye dirisha la Uhamiaji mpakani muda wa kutosha kujua kwamba wengi wanaopita mbele yetu wakiwa tayari wameuzwa hawana hata moja.

Binti anayepelekwa Muscat au Riyadh kufanya kazi za ndani hafiki mpakani Namanga akilia. Anafika amesuka, kavaa viatu vipya, anaagana na shangazi yake kwenye simu. Mateso yake hayajaanza. Yataanza siku mwajiri atakapoifungia pasipoti kabatini na mshahara usionekane, kama Watanzania waliokuwa Oman na Falme za Kiarabu walivyowasimulia watafiti wa Human Rights Watch katika ripoti ya mwaka 2017. Akiwa mbele yenu ni mtu mwenye furaha, na mkimgusa wakala wake, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kumtetea. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vijana wa Kenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakajikuta Myanmar nyuma ya kuta, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Ndege waliipanda kwa miguu yao wenyewe.

Kwa hiyo achaneni na uso. Chunguzeni safari ilivyopangwa: nani kashika hati, nani kalipa nauli, na huyu msafiri anajua kiasi gani kuhusu anakokwenda.

Namkumbuka bwana mmoja, shati limepigwa pasi, aliyeniwekea dirishani pasipoti tano zimefungwa kwa mpira mmoja. Nyuma yake mabinti wanne. Sijauliza neno, akasema, “Hawa wapwa zangu, mzee, tunakwenda harusini.” Nikawauliza mmoja mmoja, na majibu yakawa yale yale: harusi, Nairobi, siku tano. Wa mwisho nikamwuliza bibi harusi anaitwa nani. Akamtazama bwana. Nikaendelea kufunua kurasa taratibu, kama mzee asiyeona vizuri, nikamwuliza nyumbani mama kamwacha na nani. Hapo ndipo ulimi ulipofunguka: mama anaumwa miguu, mdogo wake yuko kidato cha pili, na mjomba huyu amemwachia mama laki mbili, zitakatwa kwenye mshahara. Mshahara wa harusini! Kwenye pasipoti ya tatu nilikuta noti imekunjwa. Nikaiweka juu ya kaunta, wazi, kila mtu aione.

Zile laki mbili ndizo kamba yenyewe. Mkisikia fedha ya utangulizi iliyoachwa nyumbani, na anayesafiri hajui mshahara wake ni kiasi gani wala mkataba wake uko wapi, simamisheni kazi nyingine. Na msimwulize, “Je, umelazimishwa?” Hakuna atakayekujibu ndiyo. Mwulizeni akifika nani atampokea, atalala wapi, na akitaka kurudi nauli ataitoa wapi.

Kwa mtoto, habari ni nyingine. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 na sheria yetu ya 2008, zote za kupinga biashara ya watu, haziwataki mthibitishe kwamba mtoto alidanganywa au alitishwa. Aliye chini ya miaka 18, akisafirishwa ili anyonywe, ridhaa yake haihesabiki, hata ya mzazi wake haimwokoi mtu. Mnajua kuhusu watoto wetu wenye ulemavu waliovushwa wakaenda kuombeshwa barabarani Nairobi. Mtoto wa namna hiyo huja na “shangazi” anayesukuma kiti chake cha magurudumu. Usibishane naye juu ya undugu. Mwulize: mtoto hulala ubavu gani, hula nini, dawa gani humsumbua tumbo. Anayemlea atajibu mpaka umkatishe.

Kuna pia hatari ya upande wa pili, na wakufunzi huipita haraka mno. Mwaka 2019, Cindy McCain, mjane wa Seneta John McCain wa Marekani, alieleza redioni jinsi alivyowaita polisi uwanja wa ndege wa Phoenix baada ya kumwona mwanamke na mtoto asiyefanana naye rangi. Polisi wakasema walikagua na hawakuona kosa lolote, ikabidi mama McCain aombe radhi. Nasi tuna ya kwetu: ofisa anayemrudisha kila msichana anayesafiri peke yake anajiona shujaa. Msichana mwenye haki ya kutafuta riziki amenyimwa haki yake, na kesho atapita njia ya panya kwa bodaboda, mahali ambapo hapana dirisha wala wa kumwuliza swali.

Nyinyi wa mabasi, mjue mna uwezo kuliko hata ofisa. Yeye ana dakika mbili na abiria. Nyinyi mko naye kutwa nzima. Mnaona nani ananunuliwa chakula na nani anakatazwa kushuka kwenda msalani peke yake. Mnaona tiketi sita zikikatwa na mtu mmoja kwa fedha taslimu, naye akakaa siti ya nyuma yao wote. Kondakta akiona hivyo asimkabili mtu ndani ya gari. Aandike namba za siti, apige simu mbele kabla basi halijafika mpakani.

Na hili liwafikie pia madereva wa malori na wanaokaa kwenye mizani. Machi 2020, kule Tete, Msumbiji, kontena lililotoka Malawi lilifunguliwa, ndani mkiwa na maiti 64 za Waethiopia na watu 14 walio hai. Kabla ya hapo, Juni 2012, hapa kwetu mkoani Dodoma, Waethiopia zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Wasafiri wa namna hii mara nyingi hujilipia wenyewe waende Afrika Kusini, na wapo wanaosema kwa hiyo ni magendo tu, siyo biashara ya watu. Mahakama itaamua jina la kosa. Kazi yako wewe ni kufungua mlango.

Mkishamtambua mtu, msipige kelele. Watenganisheni kwa sababu ya kawaida kabisa: kadi ya chanjo ya homa ya manjano, picha haikusoma, njoo dirisha lile. Binti azungumze na ofisa wa kike, kwa lugha yake, na mkalimani asiwe yule aliyesafiri naye. Iteni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na ofisa wa ustawi wa jamii. Hapo Namanga, tangu kituo cha pamoja kizinduliwe mwaka 2018, mwenzenu wa Kenya mko naye chini ya paa moja, basi mpeni habari kabla bwana hajaponyokea upande wake. Na asilazwe mahabusu mtu ambaye kosa lake ni kubebeshwa hati ya uongo. Ukimfunga leo, kesho hatakwambia kitu.

Wale ambao hamna sababu ya kuwazuia, na watakuwa wengi, wagongeeni muhuri waende. Ila kabla ya kumrudishia pasipoti, mwambieni aupige picha ukurasa wenye jina lake amtumie mtu wa nyumbani, kisha aiandike namba ya ubalozi ndani ya kitambaa cha begi, maana simu ndiyo inayochukuliwa kwanza.