Kucheka Bagamoyo

Hivi ni halali kucheka mahali ambapo watu walilia? Swali hili limenikwama kooni tangu safari yetu ya Desemba, tulipotoka Dar kwa gari, tukapitia Bagamoyo, tukapandisha na pwani mpaka Pangani.

Pale Bagamoyo, mbele ya Ngome Kongwe, binti wa dada yangu alitoa simu akajipiga picha huku akicheka kwa sauti. Nikamkaripia: "Unajua watu walipitishwa mji huu na minyororo shingoni?" Akanywea. Akarudisha simu mfukoni, na mpaka tunaondoka hakusema neno.

Njiani nikaanza kuona aibu. Nilijifanya mlinzi wa marehemu, kumbe nilikuwa nalinda hadithi moja tu. Wengi wetu tumefundishwa kwamba jina Bagamoyo ni "bwaga moyo": mtumwa anaubwaga moyo wake hapo, anakata tamaa, kabla hajapakiwa chomboni. Lakini ipo tafsiri ya pili. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea miezi mizima kutoka bara wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Hawa walifanya kazi kwa ujira. Kwao kufika pwani kulikuwa kutua mzigo na kupumua. Bwaga moyo, safari imekwisha. Maneno ni yaleyale mawili: huyu analia, yule anashusha pumzi.

Kwa nini basi tunaing'ang'ania ile ya kwanza peke yake? Nadhani ni kwa sababu inatufanya tujione wema kwa bei rahisi. Kuhuzunika dakika kumi halafu kwenda kula samaki hakugharimu kitu. Mpagazi anatuharibia, maana alipita njia ileile ya waliofungwa, na bado alifurahi kufika.

Kufika Bweni tukapanda pantoni kuvuka mto Pangani. Nikamweleza binti habari za Abushiri bin Salim, aliyewainukia Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889. "Shujaa," nikasema. Halafu nikaona nimalizie: shujaa huyu alikuwa na shamba la miwa, na miwa ya bonde hili ililimwa na watumwa.

Akanitazama. "Sasa mjomba, huyu tumlilie au tusimlilie?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo nusu. Naona deni letu kwa waliokufa si machozi. Ni kuwaacha wawe watu kamili: mpagazi na furaha yake, shujaa na watumwa wake, mtumwa na maisha aliyokuwa nayo kabla ya mnyororo.

Mtu atasema: ukichanganya mambo hivyo, mwishowe hakuna mwenye kosa. Hapana. Aliyemuuza mtu alikosa, na mnyororo unabaki mnyororo. Kujua kwamba mpagazi alicheka hakuupunguzii uzito. Kunauongezea, maana aliyefungwa huenda alikisikia kicheko hicho kikimpita.

Je, binti alikosea kucheka? Alicheka bila kujua. Mimi nami nilinuna bila kujua. Ujinga wetu ulikuwa mmoja, ila wangu ulivaa kanzu. Ubaya hauko kwenye kicheko wala kwenye huzuni. Uko kwenye kusimama mahali kama pale ukaridhika na hadithi iliyokukuta tayari unaijua.

Nilimwomba radhi kabla pantoni haijagusa ng'ambo. Akaniuliza kama sasa anaweza kuiposti ile picha.

Nikamwambia aiposti, ila chini yake aandike maana zote mbili za jina.