Je, Kimya cha Mtoto ni Ukaidi?

Sisi walimu wa Kiswahili tuna desturi ya kumpima mwanafunzi kwa ulimi wake. Asemaye tunamsifu, akoseaye tunamsahihisha, na anyamazaye aghalabu tunamdhania mojawapo ya mambo mawili: ama hajui, ama ni mkaidi. Katika makala haya nataka kuuliza kama tuna haki ya kumhukumu hivyo, nami nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha katika shule moja ya msingi magharibi ya Uganda. Darasani mwangu walikuwamo watoto zaidi ya 70, na miongoni mwao msichana mmoja ambaye muhula mzima hakutamka neno, si kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza, wala kwa Kitooro cha kwao. Nilipomwita alisimama wima, macho chini, vidole vimeng'ang'ania upindo wa sketi. Nikaamuru asisimame bure: hatakaa mpaka ajibu. Siku tatu nilifanya hivyo, wenzake wakicheka. Hatimaye nikamwita mama yake, nikitazamia kuambiwa kwamba binti ana kasoro ya ulimi.

"Mwalimu," akasema, "huyu nyumbani ndiye anayetuchosha kwa maneno. Jioni huwakalisha wadogo zake akawafundisha Kiswahili. Hata sauti yako anaiiga."

Basi somo lilikuwa limekwisha kuingia siku nyingi. Kilichokosekana ni njia ya kutokea.

Hali hii si ngeni duniani. Daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliieleza mwaka 1877 na kuipa jina lenye maana ya kupoteza usemi kwa hiari. Mwaka 1934 Moritz Tramer wa Uswisi aliiita ububu wa kuchagua. Ilikuwa mwaka 1994 ndipo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipolibadili jina hilo katika mwongozo wake, lisidokeze tena kwamba mtoto hunyamaza kwa kupenda. Na mwaka 2013 hali hiyo ikapangwa miongoni mwa maradhi ya wasiwasi. Yaani mabingwa nao walihitaji zaidi ya miaka 100 kuiondoa hukumu iliyojificha ndani ya neno. Mimi naiita kimya cha woga, hadi Kiswahili kipate jina bora.

Hapa pana tahadhari inayotuhusu hasa sisi tunaofundisha lugha isiyo ya nyumbani. Mtoto aliye mgeni wa lugha hunyamaza kwanza akisikiliza, na huo si ugonjwa. Wala mwezi wa kwanza wa shule hauhesabiwi. Tumtazame yule ambaye miezi inapita na hasemi shuleni hata kwa lugha ya mama yake, ilhali nyumbani anasema.

Baadhi ya watoto hawa, si wote, wana pia hisi nyepesi mno. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyogongwa kwa nondo; msichana yule aliziba masikio kabla haijagongwa, nami nikaona ni utovu wa adabu. Mvua ilipopiga mabati alijikunyata. Sweta la shule lilimwasha akalivua, akaadhibiwa.

Wapo watakaonijibu kwamba haki ni kuwatendea wote sawasawa, na kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sikubali. Wajibu hudaiwa penye uwezo, na woga huu humfunga mtoto koo kama mkono wa mtu mwingine. Lakini siwakubali pia wenye huruma wasemao, "Mwacheni tu," wakamjibia kila swali. Kila tunapomjibia, woga hupata nguvu, naye huzoea kutokuwapo.

Tulichofanya kilikuwa kidogo na cha polepole. Mama alikuja baada ya masomo, wakazungumza wawili katika darasa tupu, nami nikisahihisha madaftari pembeni kabisa. Siku baada ya siku nilisogeza kiti. Nilimwuliza maswali ya kuchagua, chai au maziwa, akajibu kwanza kwa kidole, baadaye kwa mnong'ono. Tulimhamisha mbali na kengele, na sweta tukalisahau. Mwisho wa mwaka aliweza kusoma ukurasa mzima mbele yangu na rafiki zake wawili. Mbele ya darasa hakusema kamwe.

Ukaja mtihani wa mazungumzo, ambao kila mtoto huufanya mbele ya wenzake. Nilimsikiliza kando, saa ya chakula, nikampa alama alizostahili. Mwalimu mwenzangu alikasirika: wengine nao walitetemeka, akasema, na bado walisimama, je, ujasiri wao hauna thamani? Nilimjibu kwamba mtihani ulikuwa wa Kiswahili. Hakuridhika, na kila tukutanapo huniuliza tena swali lile lile.