Je, Mgonjwa Analazimika Kukatwa Ulimi ili Aishi?

Uhai ni amana, na aliyepewa amana huitunza. Je, mgonjwa analazimika kukubali kila tiba, hata ile imwondoleayo ulimi?

Itazamwe hali ya mvuvi wa Kazimia ambaye koo limemuuma miezi mitatu, sikio moja lamchoma, na uvimbe umetokea shingoni. Huenda ni kansa ya shina la ulimi. Ugonjwa huo hukaa nyuma kabisa ya kinywa, mahali jicho lisipofika. Kwa hiyo wengi hufika hospitali wamechelewa. Tumbaku na pombe huuchochea, na pengine huletwa na virusi.

Matokeo ya kupasuliwa si mamoja. Uvimbe mdogo ukiondolewa mapema, wengi hupona, nao husema na kula. Tiba ya mionzi nayo yaweza kuponya. Bali uvimbe mkubwa hudai kukatwa sehemu kubwa ya ulimi, na pengine koromeo pamoja nayo. Hapo usemi huharibika au hupotea, chakula huweza kuingia mapafuni, na wengine hulishwa kwa mpira. Hata hivyo kansa yaweza kurudi.

Mwaka 1952 Baba Mtakatifu Pio XII alifundisha kwamba kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima. Basi kukatwa kiungo ili mwili uokoke si dhambi. Tena tarehe 24 Novemba 1957 aliwaambia madaktari kwamba wajibu ni kutumia njia za kawaida, zisizomtwika mgonjwa wala wenzake mzigo mzito, kadiri ya watu, mahali na nyakati.

Kwa hiyo mvuvi mwenye uvimbe mdogo, anayeweza kutibiwa na kupona, asikatae kwa hofu wala kwa aibu. Akikataa, ameidharau amana. Lakini yuko mwingine: uvimbe wake umekua, tumaini ni dogo, na ili kuvuka ziwa hadi Kigoma, kisha kufika Hospitali ya Bugando huko Mwanza, hana budi kuuza mtumbwi na nyavu zinazowalisha watoto. Huyo akikataa, hajiui. Anakipokea kifo kisichozuilika. Naye akikubali, asidhaniwe kuwa hana imani. Uamuzi ni wake, baada ya kuelezwa ukweli wote, wala jamaa wasimfiche.

Wajibu wa jirani haubadiliki. Aliyepoteza usemi asiachwe pembeni wakati wa shauri la ukoo. Angojewe mpaka amalize kuonyesha kwa mkono analolitaka. Hata kitubio hupokewa kwa ishara au kwa maandishi.

Na mwenye koo lisilopona kwa majuma matatu aende kituo cha afya mapema, ungali mdogo uvimbe na tumaini lingali kubwa.