Nani Anamdai Mganga Pigo?

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike alitimuliwa kwenye kikosi, katikati ya mchezo wa mtandaoni anaoupenda kuliko yote. Walikuwa wanne. Nusu ya pango walikuwa wameshaivuka, bosi wa pili keshaanguka, na tangu waanze hakuna aliyekufa. Ndipo mmoja wa washambuliaji akaandika, "Mganga, hupigi," akabandika tarakimu kutoka kwenye programu yake ya kupimia. Mstari wa mdogo wangu ulikuwa mfupi kuliko yote. Kura ikaitishwa, akatolewa, akaletwa mwingine. Hakuna aliyeuliza walifikaje pale wakiwa hai wote wanne.

Hasira yangu siifichi, na ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Swali lenyewe ni zito kuliko linavyosikika masikioni mwa asiyecheza: aliyekabidhiwa kazi ya kuponya, je, anadaiwa pia kuumiza? Kwamba anaweza kuumiza, hilo halina mjadala; karibu kila mchezo umempa fimbo, bastola au mwale wa nuru. Ninachouliza ni kama analo deni la kweli, deni ambalo asipolilipa wenzake wanapata haki ya kumfukuza.

Maana za kawaida nazipokea kama zilivyo. Tanki hubeba vipigo, washambuliaji hupiga, mganga hurudisha uhai. Mgawanyo huo una mizizi kwenye michezo ya maandishi kama DikuMUD, ukakomaa katika EverQuest mwaka 1999, na World of Warcraft ikausambaza duniani kuanzia 2004. Kazi ni kazi, deni ni deni. Twende mbele.

Waliompigia kura mdogo wangu walimwona kama mtu aliyekaa nje ya vita. Kanuni za michezo hii zinasema vingine. Katika World of Warcraft ya awali kila adui alikuwa na orodha ya chuki, na aliyekuwa juu ya orodha ndiye aliyefuatwa. Uponyaji nao uliandikwa humo: kila pointi mbili za uhai alizorudisha mganga zilizaa pointi moja ya chuki, ikagawanywa kwa maadui wote waliokuwa vitani. Ndiyo maana mganga aliyewahi kutibu kabla tanki hajawashika maadui sawasawa alijikuta yeye ndiye anayekimbizwa. Programu, isiyo na huruma wala upendeleo, ilikwisha kuamua kwamba kumponya anayepigana ni tendo la kivita. Uamuzi huo unakata kuwili. Mganga hawezi kudai kwamba mikono yake ni safi, maana kila anayemsimamisha anakwenda kuua. Wala hawezi kuambiwa hajachangia, maana adui mwenyewe anaujua mchango wake na anamfuata kwa ajili yake.

Zipo hoja za upande wa pili ambazo ni za haki. Adui aliyekufa haumizi tena, hivyo kumharakisha ni kinga, nakubali. Mganga anayesafiri peke yake bila silaha hafiki popote, nakubali pia. Na wapo waganga wanaochoshwa na kutazama mistari ya uhai saa nzima, wanaofurahia kupiga, haki yao.

Hoja inayonikera ni ile iliyomtoa mdogo wangu: kama hakuna aliyeumia, umesimama bure, na anayesimama bure anatuibia muda. Nimeisikia kwa upole na kwa matusi, na kila mara huja na tarakimu mkononi, kana kwamba tarakimu zinaiondolea mzigo wa kujitetea. Mimi nataka ijitetee.

Hoja hiyo inachukulia kwamba kungoja si kazi. Chukua Final Fantasy XIV, ambako ubishi huu umepamba moto kwa miaka. Mchezo huo unakwenda kwa mwendo wa sekunde 2.5: ukishatumia silaha au tiba ya kawaida, unasubiri muda huo ndipo utumie nyingine. Ziko tiba za dharura zilizo nje ya mwendo huo, lakini kila moja ina muda wake wa kupoa, na ile kubwa ya White Mage, Benediction, ikishatumika hairudi mpaka zipite dakika tatu. Kwa hiyo mganga anapoanza kurusha pigo ameweka dau, kwamba ndani ya muda huo hakuna atakayeuhitaji mkono wake. Anayelijua pambano anaweka dau akijua bosi atafanya nini. Mgeni anaweka gizani. Anayecheza kutoka Dar es Salaam kwenye seva iliyoko Ulaya anaweka akiwa amechelewa tayari, maana anachokiona kwenye kioo kimeshapita kwingine. Na dau lenyewe ni la nani? Uhai unaowekwa mezani ni wa tanki. Tanki akianguka, wale wale waliodai pigo ndio watakaoandika, "Mganga, ulikuwa wapi?" Wanamlazimisha acheze kamari, kisha wanamhukumu kwa kupoteza. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, na dhuluma hiyo haimo kwenye tarakimu yoyote waliyobandika.

Tena, tarakimu zenyewe zinapima nini? Pigo huacha alama: namba inaruka juu ya kichwa cha adui, inajumlishwa, inapangwa kwenye orodha. Kifo ambacho hakikutokea hakiachi kitu. Ngao iliyowekwa sekunde moja kabla ya kipigo kikubwa, mganga kusogea mapema ili kila mtu awe ndani ya duara la tiba yake, uamuzi wa kuweka akiba tiba ya dharura kwa sababu amemwona mshambuliaji mmoja ana tabia ya kuchelewa kukwepa: yote hayo ni fikra, na matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Tunazungumza juu ya jambo ambalo lingekuwa. Hakuna programu inayoweza kulihesabu bila kurudia pambano lile lile na watu wale wale huku mganga akiwa ameondolewa. Hata kipimo cha uponyaji hakimsaidii, kwa sababu kadiri kikosi kinavyolindwa vizuri ndivyo kunavyobaki kidogo cha kuponya. Mganga hodari na mganga mvivu wanaweza kutoka na orodha zinazofanana, na anayesoma orodha peke yake hana njia ya kuwatofautisha. Basi asijifanye anayo.

Sasa tuseme upo kweli muda wa ziada. Tuseme kikosi kinacheza vizuri, mganga anaijua kazi yake, na kati ya kila kipigo na kipigo anabakiwa na sekunde kumi za kupumua. Sekunde hizo ni za nani? Wanaomdai wanaziona kama mali ya kikosi, kana kwamba ziliota zenyewe. Mimi naona zimezaliwa na ustadi: wa kwake, wa tanki aliyetumia kinga zake kwa wakati, wa kila aliyekwepa moto. Mshambuliaji anayesimama ndani ya moto ili asikatize mfululizo wa mapigo yake anazila sekunde hizo, na kwenye orodha anaonekana shujaa, kwa sababu pigo alilolipata kwa gharama ya mganga limeandikwa kwa jina lake. Katika Final Fantasy XIV washambuliaji wa karibu wana Second Wind na Bloodbath za kujirudishia uhai, na Red Mage anaweza kutibu na hata kufufua. Sijamwona mshambuliaji akitimuliwa kwa kutokujitibu. Kama kanuni ni kwamba kila mwenye uwezo atoe kila anachoweza, iwashike wote. Ikimshika mganga peke yake, basi hiyo imekuwa desturi ya wengi dhidi ya mmoja.

Na huo muda mtupu, nani aliuweka? Final Fantasy XIV iliyofufuliwa mwaka 2013 ilikuwa na kitu kinachoitwa Cleric Stance. Mganga alipokiwasha, mapigo yake yalipata nguvu na tiba zake zikadhoofika. Akitaka kuponya sawasawa sharti akizime. Wengi walikichukia. Mimi nakiheshimu, kwa kuwa kilikiri waziwazi kwamba kupiga na kuponya ni mambo mawili na kwamba anayehama kutoka moja kwenda jingine analipa bei. Mwaka 2017 kilibadilishwa, mwaka 2019 kikafutwa. Bei ikaondoka, dai likabaki. Kufikia 2024, toleo la Dawntrail lilipokaribia, baadhi ya waganga wa mchezo huo walitangaza mgomo, wakilalamika kwamba wengine wamepewa njia nyingi mno za kujitibu hivi kwamba mapango kadhaa yanavukwa bila mganga kabisa. Yaani mtengenezaji anampunguzia mtu kazi, kisha wenzake wanamwita mvivu kwa sababu kazi imepungua.

Hapa nitatoka njiani kidogo, maana kuna jambo limenikaa kichwani kwa muda mrefu. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, Sokrate anamhoji Polemarko, aliyedai kwamba haki ni kuwafaa marafiki na kuwadhuru maadui. Katika maradhi, ni nani awezaye zaidi kufanya yote mawili? Tabibu. Kisha Sokrate anamsogeza mbele: anayejua kuukinga mwili na ugonjwa, si ndiye pia ajuaye zaidi kuuingiza kwa siri? Kwetu hili halishangazi mtu. Watu wa mwambao na wa bara wamemheshimu na kumwogopa mganga kwa sababu hiyo hiyo, kwamba aijuaye dawa anaijua na sumu. Lakini Jamhuri hiyo hiyo, ikifika kitabu cha nne, inasema haki ni kila mmoja kufanya kazi yake bila kuingilia ya mwingine. Ugomvi wa kikosi cha mdogo wangu umo katika andiko moja, pande zake zote mbili.

Dunia ya vita vya kweli ilijaribu kuutatua kwa sheria. Mkataba wa Geneva wa 1864, na ule wa kwanza kati ya minne ya 1949, iliwatenga wahudumu wa tiba na wapiganaji: wasishambuliwe, kwa sharti kwamba nao hawatafanya vitendo vya kumdhuru adui nje ya kazi yao. Wanaruhusiwa kubeba silaha na kuitumia kujilinda na kuwalinda majeruhi walio mikononi mwao, bila kupoteza ulinzi huo. Desmond Doss, mhudumu wa tiba Msabato katika jeshi la Marekani, alikataa hata silaha hiyo. Okinawa, mwaka 1945, aliwashusha majeruhi kwa kamba kutoka juu ya genge huku vita vikiendelea, na anatambuliwa kwa kuokoa watu wapatao 75. Ninachokipenda katika sheria hii ni kwamba ni mapatano: acha kupiga, nawe hutapigwa. Mganga wa mchezoni hana mapatano hayo. Katika Overwatch, tangu ilipotoka 2016, mchezaji yeyote mwenye akili humwinda mganga Mercy kwanza, kwa kuwa akibaki hai wengine hawafi. Anabeba mzigo wa tabibu bila alama ya kumlinda. Ukiniambia kwamba, kwa kuwa hana kinga, basi hana sababu ya kutopiga, nitakusikiliza. Hiyo ni hoja. Tarakimu zilizobandikwa pale pangoni hazikuwa hoja.

Watengenezaji wengine wamejaribu kulifuta swali lenyewe. Katika Overwatch hiyo hiyo kuna waganga Ana na Moira. Bunduki ya Ana, risasi ile ile ikimpata rafiki inaponya, ikimpata adui inaumiza. Moira huijaza akiba yake ya tiba kwa kuwanyonya maadui. Kasisi wa Discipline katika World of Warcraft huponya kupitia mapigo yake, na Sage, aliyeingia Final Fantasy XIV mwaka 2021, akipiga adui mwenzake aliyemchagua anapata uhai. Ni ubunifu mzuri, na mdogo wangu humchezesha Moira kwa furaha kubwa. Hata hivyo sioni kama swali limefutika. Uponyaji ukishakuwa mabaki ya pigo, aliyejeruhiwa haangaliwi tena na mtu. Anapona kwa kuwa macho ya mwenzake yako kwa adui. Guild Wars 2 ilikwenda mbali zaidi mwaka 2012, ikampa kila mchezaji tiba yake ili mganga asihitajike. Mwaka 2015 yakaja mapambano ya vikosi vikubwa, na pamoja nayo Druid, mhusika anayeweza kuponya wenzake, na nafasi ya mganga ikarudi. Sijui nisome nini humo: kwamba watu wanataka awepo mtu wa kuwaangalia, au kwamba mabosi wakubwa tu ndio wanaomhitaji.

Nikibanwa, nitasema hivi. Watu wanane waliopatana mapema kumwangusha bosi mwenye saa inayohesabu, wakajua kwamba bila mapigo ya mganga muda hautatosha, wamefunga ahadi, na ahadi hulipwa. Lakini wageni wanne waliokutanishwa na mashine kwenye pango rahisi, nani alimwahidi nani? Nikisema hakuna, mshambuliaji atanijibu kwamba naye alitoa nusu saa ya jioni yake, na kwamba kuingia tu ni aina ya ahadi. Hilo sijaweza kulipangua. Nikikubali kwamba uwezo peke yake huzaa deni, basi kila mwenye ustadi anadaiwa bila kikomo, na sijaona mahali pa kuuweka mpaka. Nikikataa, nimemruhusu pia mganga ambaye kweli ni mvivu, nami simpendi kama wao wasivyompenda. Ninachokishikilia ni kidogo: mpaka huo, popote ulipo, hauwezi kuwekwa na anayesoma alichopiga peke yake, asiyejua ni mara ngapi mwenzake alimzuia asife.