Maganda ni ya Nani? Swali kwa Wanunuzi na Wauzaji



Katika toleo hili tunaleta swali ambalo limezungumzwa sana katika mikutano ya akina mama tangu kiangazi, na ambalo bado halijapata jibu moja. Swali ni hili: kitu kilichotengenezwa kwa takataka, bei yake ya haki ni ipi? Mtu anaweza kucheka akasema hilo ni swali la sokoni, si la kanisani. Lakini mizani na bei vimetajwa katika Maandiko mara nyingi, na hapa kwetu kuna nyumba ambazo watoto hula au kulala njaa kutegemea jibu lake.

Biashara nyingi za akina mama katika makazi yetu siku hizi zinatokana na vitu vilivyokuwa vikitupwa. Wako wanaofinyanga briketi kwa maganda ya ndizi na vumbi la makaa. Wako mafundi wa cherehani wanaounganisha vipande vya vitenge kuwa mashuka, mifuko na nguo za watoto. Wako wanaonunua nyanya zilizobaki jioni, wakazikata na kuzianika kabla hazijaoza. Wageni wa semina za mazingira wanapokuja huwasifu sana na kuwapiga picha. Sifa tunazipokea kwa shukrani. Shida inaanza wageni wakiondoka, pale mnunuzi anapoinama mbele ya meza na kusema: “Mama, punguza bwana, hii si maganda tu?”

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaosema maneno hayo hawajawahi kuiona. Mama huyu huamka mapema, akapita vibandani na gunia kabla wauza matoke hawajafagia. Maganda mabichi hayafai. Lazima yaanikwe mpaka yavunjike mkononi. Kisha hutiwa katika pipa lililotobolewa matundu chini, yakachomwa kwa hewa kidogo ili yawe makaa, si majivu. Hapo hakuna kuondoka hata kama mtoto analia, maana ukichelewa kufunika pipa, kazi ya wiki nzima inabaki majivu. Makaa hayo hutwangwa, huchanganywa na vumbi la makaa ya kawaida, kisha hutiwa uji wa unga wa muhogo ili yashikamane. Unga huo ni chakula. Mama ameupima mara mbili kabla ya kuutia. Halafu ni kufinyanga, na kuanika siku tatu au nne. Mvua ikinyesha, anza kuhesabu upya.

Matokeo yake ni briketi inayowaka polepole, ina moshi mdogo, ina majivu mengi kuliko makaa ya mti, na haimfai mtu mwenye haraka ya chai. Kwa maharagwe inafaa kabisa. Na tusisahau kwamba kuchoma makaa ya mti kwa tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni ili kupata kilo moja ya makaa, na mara nyingine zaidi. Kila anayepika kwa briketi amepunguza safari ya mtu fulani kwenda msituni, safari ambayo akina mama na binti zetu wanajua hatari zake, na ambayo imeleta ugomvi na majirani wenyeji mara nyingi. (Ingawa tuseme ukweli: malori ya makaa yanayokwenda mijini usiku hayajazwi na mama mwenye gunia moja kichwani. Lawama ya msitu igawanywe kwa kipimo cha haki vilevile.)

Sasa tulitazame lile neno, “ni maganda tu.” Maana yake ni kwamba kitu kisichonunuliwa hakina thamani, kwa hiyo na kilichotoka ndani yake kisiwe na bei. Lakini mbona hatusemi hivyo kwa vitu vingine? Nguo za mitumba tulizovaa Jumapili, nyingi zilitolewa bure na watu wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakisafisha makabati yao. Kule zilikuwa mzigo. Zikakusanywa, zikachambuliwa, zikafungwa marobota, zikapanda meli, zikafika soko la Owino kule Kampala, na mfanyabiashara akanunua robota kwa fedha nyingi bila kujua ndani kuna nini. Hakuna anayemwambia mfanyabiashara wa Kampala, “Nipe bure, maana mwenyewe alizitupa.” Tunaelewa kwamba kuna gharama na jasho njiani. Mbona jasho likiwa la jirani yetu, tunayemwona akitoka jasho hilo, ndipo hatulioni?

Tunadhani sababu ni kwamba tumezoea kazi ya mwanamke isiyo na bei. Kufua, kuteka maji, kupika na kutengeneza kitu kutokana na masalio, hayo tumeyaona kwa mama zetu tangu utoto na hakuna aliyeyalipia. Mama anapoyatoa nje ya nyumba na kuyaweka mezani, macho yetu bado yanayaona kama wajibu wake.

Wengine wamewahi kuliona jambo hili kwa namna nyingine. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, akina mama waliootesha miche walipewa malipo madogo kwa kila mche uliopona. Yalikuwa madogo kweli, lakini yalikuwa malipo, maana kutunza ardhi ni kazi kama kazi nyingine. Huko Gambia, katika kijiji cha Njau, Isatou Ceesay na wenzake wachache walianza mwaka 1997 kuokota mifuko ya plastiki iliyozagaa, wakaiosha, wakaikata nyuzi na kuisuka kuwa vibeti vya fedha. Walichekwa kwa kushika uchafu. Hapa Uganda kwenyewe, katika makazi ya Kyaka II, akina mama wakimbizi waliwahi kutengeneza taulo za kike ziitwazo MakaPads kwa mafunjo na karatasi zilizokwisha kutumika, kwa ufundi uliobuniwa na Dk. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mafunjo huota yenyewe mabondeni, na hata hivyo kazi ile iliwapa akina mama wale kipato.

Tena kuna Bethlehem Tilahun Alemu wa Addis Ababa, aliyeanzisha soleRebels mwaka 2004. Soli za viatu vyake hukatwa kutoka matairi ya magari yaliyochakaa. Viatu vya matairi sisi tunavijua tangu zamani, vilivaliwa na babu zetu shambani wala hakuna aliyejivunia. Yeye alivipeleka Ulaya na Marekani, vikauzwa kwa bei ya viatu, si kwa bei ya tairi.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani tumekwisha kuamua: muuzaji ana haki, mnunuzi mbahili. Si rahisi hivyo. Mnunuzi wa briketi hapa si tajiri wa Ulaya. Ni jirani wa nyumba ya tatu. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulianza kugawanywa kwa makundi matatu kulingana na hali ya kila nyumba, na mwaka 2025 mamia ya maelfu ya watu waliondolewa kabisa katika mgao. Mjane anayeomba apunguziwe huenda hana dharau yoyote. Anahesabu tu sarafu zilizo mkononi, na hazitoshi. Je, mama wa briketi afanye nini? Akipunguza kwa kila mwenye shida, atapunguza kwa makazi yote, na wiki ijayo hatakuwa na unga wa kufinyangia.

Hapa sisi tunatofautisha mambo mawili. Kuomba kupunguziwa kwa sababu huna ni jambo moja, na kudai kupunguziwa kwa sababu kazi ya mwenzako si kitu ni jambo lingine. La kwanza ni ombi, na mwenye kuombwa anaweza kukubali au kukataa, na akikubali ametoa sadaka inayojulikana kuwa sadaka. La pili ni kumnyang'anya mtu siku yake moja ya kazi kisha kumfanya aone aibu kwa kuwa nayo. Kiasi kilichopunguzwa kinaweza kuwa kilekile, shilingi mia tatu kwa mia tatu, lakini yule mama anarudi nyumbani na mambo mawili tofauti kabisa moyoni.

Na muuzaji naye ana wajibu wake. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea waliopunguza kipimo, wakapandisha bei na kuwauzia maskini takataka za ngano. Kumbe biashara ya takataka ni ya zamani, na ina namna yake mbaya. Wapo hapa kwetu waliogundua kwamba briketi ikitiwa udongo mwingi huongezeka uzito na kupungua kuwaka. Mama anaiwasha, inafuka, inazima, maharagwe yanabaki magumu, na siku inayofuata anarudi kwenye makaa ya mti akiapa kutonunua tena. Huyo amegeuza mali kuwa takataka, na amewaharibia wenzake wote jina. Vivyo hivyo kwa fundi anayeunganisha kitambaa kilichooza akijua kitachanika kwenye ufuaji wa kwanza. Ndiyo maana tunaunga mkono vikundi vilivyoamua kuuza briketi kwa kilo na kuwasha moja mbele ya mnunuzi. Anayetaka kulipwa kama fundi na akubali kupimwa kama fundi.

Tulisahau kumtaja mama wa vikapu, na ni lazima tumtaje, kwa sababu kazi yake inaunganisha hizi zote. Huchukua mabaki ya vitambaa yaliyo madogo mno hata kwa fundi, akayajaza ndani ya mfuko mnene unaokaa katika kikapu. Maharagwe yaliyolala majini usiku, yakachemka vizuri kwa muda wa nusu saa hivi, huwekwa humo yakiwa na sufuria yake iliyofunikwa, na joto lile lile linaendelea kuyapika saa nyingi bila moto wowote. Siku nyingine yanahitaji kurudishwa jikoni kidogo. Hata hivyo briketi za siku moja zinatosha siku mbili. Ni kikapu na matambara, na mume mmoja aliyekuwa akikidharau sasa hukibeba mwenyewe kutoka sokoni.

Lakini kuna upande mmoja wa swali ambao unatusumbua kuliko bei. Maganda yalipokuwa takataka, yalikuwa ya kila mtu. Mzee mwenye mbuzi wawili alikuwa akiyaokota jioni. Bibi asiye na mgao alikuwa akiyazika kwenye shamba lake dogo la mboga yawe mbolea. Sasa wauza matoke wamegundua kwamba maganda yanatafutwa, na baadhi wameanza kuwawekea akina mama wa briketi wale wanaowafahamu, wengine hata kuomba chochote. Kitu kilichokuwa cha wote kimepata wenyewe. Hakuna aliyeiba wala aliyevunja sheria yoyote, lakini mbuzi wa yule mzee wamekonda.

Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19 na ya 23, kinaagiza kwamba mwenye shamba asivune hadi pembeni wala asirudi kuokota masazo, bali ayaache kwa maskini na kwa mgeni. Ni kwa sheria hiyo Ruthu, mwanamke wa kigeni aliyefika na mkwewe bila kitu, alipata kuokota katika shamba la Boazi. Sisi wakimbizi huwa tunaipenda habari hiyo kwa sababu tunajiona ndani yake upande wa Ruthu. Sasa inatubidi tuisome tukiwa upande wa Boazi pia. Mama aliyefaulu kugeuza masazo kuwa biashara, naye amekuwa na shamba, hata kama shamba lake ni gunia. Je, naye ana pembe za kuziacha?

Baadhi ya akina mama wanasema hapana: sheria ile ilikuwa kwa wenye ngano tele, na wao wenyewe ndio maskini waliokusudiwa, kumwambia mwokotaji aache masazo ya masazo ni kumfunga mzigo asioweza kuubeba. Hoja hiyo ni nzito na hatuwezi kuipuuza. Wengine wanasema mtu hapimwi kwa alichonacho tu bali kwa aliye chini yake, na kila mtu hapa, akitazama vizuri, ana mtu aliye chini yake. Sisi tunaelekea zaidi upande huu wa pili, kwa sharti moja, kwamba wauza matoke nao waingizwe katika mapatano, maana maganda huanzia kwao, na haifai akina mama wa briketi peke yao ndio waulizwe habari za huruma.

Kwa sasa vikundi viwili vimekubaliana kwamba maganda ya Jumatano yasiguswe, yaachwe kwa wenye mifugo na wenye mboga. Wenye mbuzi wanasema Jumatano haitoshi, kwa kuwa mbuzi hula kila siku. Kikao kingine ni Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya, chini ya mti nyuma ya kanisa, na safari hii wauza matoke wamealikwa.